Ndugu yako kaachishwa kazi ghafla baada ya miaka mingi? Anza na tarehe ya barua

Habari ikifika kwamba mzazi, mjomba au bamkubwa kaachishwa kazi, swali la kwanza la familia huwa "wamempa shilingi ngapi?" Mimi nasema omba ile barua uitazame tarehe. Kwa Tanzania Bara, anayeona ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii tunayoiita CMA. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo humo. Zinahesabiwa tangu ajira ilipokoma, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Kijana aliyefanya kazi miaka miwili atakwenda CMA kesho yake asubuhi. Mzee wa miaka ishirini atazimaliza siku zote akisema "ngojeni kwanza nikaongee na mkurugenzi, ananifahamu."

Bamkubwa wangu alikuwa stoo kipa wa kiwanda kimoja kwa miaka 22. Aliajiriwa Tanga, tawi la kule lilipofungwa wakamhamishia Dar es Salaam, na huko ndiko barua ilikomkuta. Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara kwenye ofisi ya malori, kwa hiyo familia ikanitupia faili. Ninayoyaeleza hapa ni ya sekta binafsi, Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, na watumishi wa serikali nao wana njia yao.

Karatasi za siku ya kwanza

Zinakuja nyingi kwa mpigo: barua yenyewe, fomu ya makabidhiano, mchanganuo wa malipo, na wakati mwingine kitu kinachoitwa makubaliano ya kusitisha ajira. Mtu ana mshtuko, anaoneshwa pa kusaini, anasaini. Ukiwahi kumpata kwenye simu kabla hajasaini, mwambie tofauti hii.

Kupokea barua hakuna ubaya. Asaini kwamba ameipokea, aweke tarehe, na chini aandike kwa mkono wake: "Nimeipokea, sijakubaliana na yaliyomo." Wakimkatalia kuandika, apige picha ya barua na aondoke na nakala yake. Hatari iko kwenye mstari wa mwisho wa fomu ya malipo, ule unaosema "nathibitisha nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote kwa mwajiri." Huo asiusaini siku hiyo. Makubaliano ya kusitisha ajira nayo si lazima yawe mabaya, kuna watu yamewalipa kuliko ambavyo kesi ingewalipa, ila ni ya kwenda kusoma nyumbani. Mwajiri anayekwambia usaini sasa hivi au ukose, ana sababu yake.

Baya kuliko yote ni lile ombi la upole: "Mzee, kwa heshima yako, andika tu barua ya kuacha kazi mwenyewe, tutakupa cheti kizuri." Mzee mwenye haya ataandika, maana neno kufukuzwa linamtia aibu mtaani. Kumbe akishaandika hivyo, CMA atakuwa na kazi ya kueleza ameachishwa vipi wakati kaacha mwenyewe, na NSSF nako, kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, fao la kupoteza ajira halilipwi kwa aliyeacha kazi kwa hiari. Cheti cha utumishi ni haki yake kisheria hata asipoandika chochote, kwa hiyo hapewi kwa hisani ya mtu.

Stoo ikabidhiwe kwa kalamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watiifu wanapoumia na wala hawajui.

Barua ilimkuta Bamkubwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilipompigia nimwamkie, mamkubwa ndiye aliyepokea, akaniambia mzee ameenda kazini. Kazini tena? Ndiyo, kaenda kumwonesha yule kijana mpya vitu vilipo. Wiki iliyofuata simu yake ikawa inaita mchana kutwa: beringi 6205 ziko rafu gani, zile 6306 zilizokuja mwezi jana ziliandikwa leja ipi, ufunguo wa kabati la mafuta yuko nao nani. Naye anajibu kwa raha, amekaa kibarazani na kikombe cha chai, kama yuko bado kwenye malipo.

Nikamwambia, "Bamkubwa, samahani, kama wanakuhitaji hivi mbona wamekuandikia nafasi yako haihitajiki tena?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, ile stoo nimeipanga mimi. Wakiharibu nitajisikia vibaya."

Usibishane na hisia hiyo, ni ya kweli na ina heshima yake. Igeuze iwe karatasi. Mtu yeyote aliyekuwa ameshika mali ya ofisi, awe stoo kipa, keshia, dereva au mlinzi wa zamu, anatakiwa aondoke na makabidhiano yenye hesabu: kitu gani, idadi gani, nani kapokea, sahihi mbili, nakala moja yake. Kwa stoo maana yake ni kuhesabu rafu kwa rafu na kulinganisha na leja, hata ikichukua siku nzima. Akiondoka kwa kuelekeza kwa mdomo tu, miezi miwili baadaye ukipungua mpira wa mashine moja jina litakalotajwa ni lake, na malipo yake yatashikiliwa "mpaka uchunguzi ukamilike."

Makabidhiano yakishasainiwa, maswali ya simu yajibiwe kwa adabu na kwa ufupi: "Iko kwenye leja niliyokabidhi."

Soma sababu, halafu uliza walimwitaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na vitu viwili kwa pamoja: sababu halali, na utaratibu wa haki. Kimoja kikikosekana, kuna hoja. Na jambo ambalo wazee wengi hawalijui ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Ndugu yako akishaonesha kwamba aliachishwa, wao ndio waeleze kwa nini na kwa njia gani.

Sababu zenyewe huangukia mafungu matatu: mwenendo wa mtu, uwezo wake wa kazi pamoja na afya, na mahitaji ya uendeshaji wa biashara. Kwa wafanyakazi wa muda mrefu wasio na doa, fungu la tatu ndilo linalotumika sana, lile wazee wanaliita redandansi. Barua itasema hali ya soko, mashine mpya, au muundo mpya wa kampuni.

Kupunguza wafanyakazi kuna hatua zake na hazianzi na barua. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya nia yake mapema, atoe maelezo yanayohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambulika pale, au na wafanyakazi wenyewe kama chama hakipo. Mazungumzo hayo yaguse sababu, namna ya kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuchagua nani aende, lini, na malipo gani. Sasa mkalishe ndugu yako umuulize bila haraka: mliitwa kwenye kikao? Mlisaini mahudhurio? Kulikuwa na tangazo ubaoni? Kiongozi wa tawi la chama alisema nini? Bamkubwa alijibu kwamba waliitwa kweli, wakapewa soda, wakaambiwa kampuni inapitia kipindi kigumu. Orodha ilikuwa imeshachapwa. Kikao cha namna hiyo ni cha kutangaziwa tu, na mbele ya msuluhishi hilo lina uzito.

Kama kazini kulikuwa na chama, kwa viwandani mara nyingi ni TUICO, tafuta mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Humo unaweza kukuta kiinua mgongo kikubwa kuliko cha sheria. Usiishie kwenye sheria peke yake. Sheria inaweka kiwango cha chini.

Piga hesabu mwenyewe

Tuseme mshahara wa msingi ni 650,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki. Mshahara wa siku unapatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi, halafu kwa siku za kazi za wiki. Hiyo ni karibu sawa na kugawanya kwa 26, unapata 25,000.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika: 25,000 mara 7, yaani 175,000 kwa mwaka. Na hapa jiandae kumweleza mzee jambo gumu. Sheria inaishia miaka 10. Aliyefanya miaka 10 anapata 1,750,000, na aliyefanya 22 anapata hiyohiyo 1,750,000. Bamkubwa alidhani nimekosea, akachukua kikokotoo chake akapiga upya, akapata 3,850,000, akanigeuzia nione. Ilibidi nimsomee kifungu. Ndiyo maana nasema ule mkataba wa hali bora utafutwe kwa udi na uvumba, maana kwa mtu wa miaka mingi ndiko kunaweza kuwa na hiyo miaka 12 iliyobaki. Kiinua mgongo hiki hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, wala kwa aliyepewa kazi nyingine inayofaa akaikataa bila sababu ya maana. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye barua lina bei.

Vingine vya kuangalia kwenye mchanganuo ni mshahara wa siku alizofanya kazi, na notisi: kwa anayelipwa kwa mwezi isipungue siku 28, au alipwe fedha badala yake. Halafu likizo. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ambayo hakuichukua inadaiwa. Karatasi ya kwanza ya kiwanda haikuwa na mstari wa likizo kabisa. Nilipomuuliza Bamkubwa akasema, "Likizo nilikuwa naiacha tu, nani angebaki stoo?" Tafuteni fomu zozote alizoomba zikakataliwa au kusogezwa mbele, kwa sababu likizo ya miaka ya nyuma ndiyo inayobishaniwa sana.

Mwisho, usafiri. Kama aliajiriwa mji mmoja na kuachishwa mwingine, mwajiri anatakiwa amsafirishe yeye na vyombo vyake hadi mahali alipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo cha karibu na hapo. Pia kuna posho ya kujikimu ya kila siku kati ya kuachishwa na kusafirishwa. Angalia: ni mahali alipoajiriwa, si alipozaliwa. Kwetu sisi kwao ni Lushoto, lakini mkataba wa kwanza ulisainiwa Tanga mjini, kwa hiyo tulidai Tanga. Mkataba huo wa zamani ulikuwa ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Mwulize mamkubwa wako, yeye ndiye anajua bahasha iko wapi.

Kwenda CMA

Fomu inaitwa CMA F.1. Ijazwe yote. Sehemu ya madai ijazwe kwa ukarimu na kwa tarakimu, kwa sababu ambalo hukuliandika humo ni vigumu kulidai baadaye. Taja kila dai na kiasi chake, na useme unataka nini: kurudishwa kazini au fidia. Sehemu ya uachishwaji ina maswali ya sababu na utaratibu; usiache wazi hata moja.

Nakala ya fomu lazima mwajiri aipate kwanza, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba aliipata. Nenda mapokezi, wagonge muhuri au wasaini kwenye nakala yako na kuweka tarehe. Mlinzi getini akikwambia bosi hayupo, usirudi nyumbani kusubiri bosi. Itume kwa rejista posta na uhifadhi risiti. Siku 30 zikishapita kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, F.2, lakini utatakiwa ueleze sababu nzito ya kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa nasubiri mkurugenzi arudi safari" si sababu nzito.

Kinachofuata ni usuluhishi. Msuluhishi anawaweka mezani, na yanayosemwa pale hayatumiki kama ushahidi baadaye, kwa hiyo mnaweza kuzungumza kwa uwazi. Mzee anaweza kwenda na wakili, na kiongozi wa chama, au na mtu anayemchagua mwenyewe amwakilishe. Msiende kundi zima. Kabla ya kuingia, kubalianeni kiasi ambacho chini ya hapo hamshuki, mkiandike. Waajiri wengi huanza kwa kutaja nusu tu ya madai, na mtu mtiifu huona aibu kusema hapana kwa mtu aliyekuwa akimwita bosi. Mkipatana na kusaini, inawafunga wote. Msipopatana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na huko ni ushahidi na mashahidi, kwa kasi ya pole.

Sisi tuliishia kwenye usuluhishi. Likizo na usafiri walivilipa, na kitu juu yake.

Kilichomsaidia Bamkubwa kuliko ushauri wangu wote ni kaunta buku. Nilimpa moja nikamwambia, "Bamkubwa, haya madai yaandike wewe, kama leja." Akaipigia mistari kwa rula: tarehe, dai, kiasi, uthibitisho, imelipwa au bado. Mbele ya msuluhishi yule afisa utumishi alikuwa anapekua faili hajui aanzie wapi, na mzee anamsomea tarehe.

NSSF, benki na kadi ya bima

Mafao ya NSSF na malipo ya mwajiri ni mifuko miwili tofauti. Kupata kimoja hakuondoi kingine. Omba taarifa ya michango mapema, uikague mwezi kwa mwezi ukilinganisha na salari slipu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Ukikuta miezi aliyokatwa haijafika kwenye Mfuko, toa taarifa hapohapo NSSF. Slipu ndiyo silaha. Aliye chini ya miaka 55, mwenye michango isiyopungua miezi 18 na ambaye hakuacha mwenyewe, aulizie fao la kupoteza ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Aliyefika 55 anaweza kustaafu kwa hiari, na pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Aliyebakiza miezi michache kufika hapo asikimbilie kuchukua chochote kabla hajakaa na ofisa wao.

Benki nayo. Kama ana mkopo wa mshahara, malipo yakiingia tu akaunti ileile, deni linaweza kumeza yote kabla hajatoa hata nauli. Aende mwenyewe mapema, aulize mawili: mkopo una bima ya kupoteza kazi? Na marejesho yanaweza kupangwa upya? Bima ipo kwenye baadhi ya mikopo na watu hawajui kwa sababu waliilipia bila kuisoma. SACCOS ya kazini pia ina hisa na akiba zake, zidaiwe kwa barua.

Kadi ya bima ya afya iulizwe inafungwa lini hasa. Mzee mwenye presha asigundue dirishani pa dawa.

Washauri wa biashara

Watakuja. Mmoja ana bodaboda ya kuuza, mwingine anajua fremu nzuri, wa tatu ana mpango wa kuku wa nyama. Mimi sina ugomvi na kuku, ila nimeona kiinua mgongo cha watu wawili ninaowafahamu kikiishia kwenye banda. Mpangie sentensi ya kuwajibu: "Hela haijatoka, ikitoka nitawaambia." Isemeni nyumba nzima. Na kikao cha ukoo kiahirishwe mpaka mzee mwenyewe akiitishe. Wiki ya kwanza kila mjumbe anakuja na ada ya mtoto wake mfukoni.

Na kiwanda kikimwita tena? Hutokea, hasa kwa mtu aliyeshika kazi kichwani. Kwa kawaida watampitishia kwa wakala, kwa mkataba mfupi. Anaweza kukubali, hakuna dhambi, lakini iwe kwa maandishi, yenye kiwango cha siku na tarehe ya mwisho, na pasiwe na mstari wa kufuta madai yaliyoko CMA. Michango mipya iende kwenye namba yake ileile ya NSSF, asifunguliwe nyingine.